Uso Aliouzoea Mwalimu Yai

Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, amefundisha uchoraji sekondari kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo ubaya pekee aliowahi kunifanyia ni kunikosoa ninavyokaa kwenye kiti. Kwa hiyo asubuhi ile askari wawili walipoingia kwenye karakana yangu ya kutengeneza friji, wakanionyesha karatasi yenye uso wangu, na kwenye pembe ya chini nikaiona sahihi yake ninayoijua vizuri, sikushtuka. Nilicheka.

"Unamjua huyu?" akauliza yule mrefu.

"Si mimi huyo?" nikajibu, bisibisi mkononi, natabasamu kama bwege.

Wakatazamana. "Umesikia mwenyewe," yule mrefu akamwambia mwenzake. Hapo ndipo nilipoteremsha macho nikasoma maandishi makubwa yaliyokuwa chini ya kidevu changu: ANATAFUTWA. Bisibisi ikaniponyoka.

Kisa chenyewe nilishakisikia, kama alivyokisikia kila mtu mtaani. Wiki mbili nyuma, siku ya Jumanne saa nne asubuhi, mtu mmoja aliingia kwenye duka la vitambaa, akampiga mama mwenye duka kichwani kwa rula yake mwenyewe ya chuma ya kupimia nguo, akatoka na majora mawili. Yule mama alilazwa siku tisa. Hakuna mwingine aliyemwona yule mtu. Kituo chetu cha polisi hakina mchoraji, kwa hiyo walimwomba mwalimu wa uchoraji wa sekondari aende hospitalini, akae kando ya kitanda, amsikilize mama yule na kuchora. Mwalimu mwenyewe ndiye shemeji yangu. Alikwenda, akachora, akarudi shuleni kuendelea na vipindi vyake. Mimi na mke wangu tulijua kwamba amechora. Alichochora hatukukiona, kwa sababu karatasi zilibandikwa sokoni na kwenye kituo cha mabasi, na mimi sokoni huwa siendi.

Kituoni nilipokelewa na inspekta mwenye sauti ya upole, na upole huo ndio ulionitia hofu. Alinieleza bila kuzunguka. Saa nane mchana yule mama angeletwa kwa ajili ya gwaride la utambulisho. Ningesimama kwenye mstari na wanaume wengine wanane. Akipita akanigusa bega, naingia mahabusu, na mambo mengine yatasemwa mahakamani.

"Jumanne ile saa nne ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Tumbo lilikuwa linanisumbua."

"Na nani?"

"Na tumbo, afande."

Hakucheka. Alifungua kitabu kikubwa akanigeuzia nione. "Watu kumi na moja wamepiga simu kuhusu picha hii. Kumi na moja, na wengi wao hawajuani. Wawili wametaja karakana yako. Tisa wameapa kwamba uso huu wanaujua kabisa, ila hawakumbuki waliuona wapi. Sasa niambie, fundi. Uso wa mtu asiye na hatia unajulikana hivyo na watu kumi na moja?"

Niliketi kwenye benchi, nikaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne kasoro robo.

Ngoja nimseme kidogo huyu shemeji, maana bila kumjua utadhani alinikusudia. Wanafunzi wake humwita Mwalimu Yai. Kipindi cha kwanza cha kila mwaka huingia darasani, anachora yai ubaoni, analigawa kwa mstari mmoja wa kusimama na mwingine wa kulala, kisha anauliza, "Macho yanakaa wapi?" Darasa zima huonyesha juu, karibu na nywele. Naye hufurahi kama mtu aliyeandaliwa jibu hilo na Mungu mwenyewe. "Mmeishi na vichwa tangu kuzaliwa," huwaambia, "na hamjawahi kuvitazama." Macho yanakaa katikati kabisa ya kichwa. Huo mwinuko wa juu tunausahau kwa sababu hautuambii kitu. Mimi sikuamini nilipomsikia mara ya kwanza. Nilikwenda bafuni nikajipima kwa penseli mbele ya kioo, nikatoka kimya kimya.

Anayo mengi ya namna hiyo, na humwagia yeyote aliye karibu. Mpe kikombe cha chai, badala ya kunywa atakuonyesha kwamba mdomo wake si duara ukiutazama kwa upande. Anasema duniani hakuna mistari, kwamba unachokiita mstari wa shavu ni pale mwanga unapoishia na kivuli kinapoanza. Anasema nafasi tupu iliyo kati ya miguu ya kiti nayo ni umbo, na ukiichora hiyo vizuri kiti kitajitokeza chenyewe. Shati langu jeupe aliwahi kuniambia lina buluu, nikadhani analalamikia ufuaji wa mdogo wake. Na juu ya yote hayo ana amri moja ambayo mke wangu humalizia kabla yake: chora unachokiona, usichore unachokijua.

Tulifahamiana wakati nambembeleza mdogo wake. Yeye alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha ualimu, na kwa mtihani wake alihitaji mtu wa kukaa achorwe, siku tatu, muda wa saa nne kila siku, juu ya stuli isiyo na mgongo. Nilikaa. Kijana anayetafuta mke ukimwambia akae juu ya pasi ya moto atauliza tu upande gani. Shingo ilinikakamaa wiki nzima. Mimi nikapata mke, yeye akapata daraja la kwanza, na picha ile hadi leo iko ukutani sebuleni kwake, juu ya televisheni. Kabla ya mtihani alikuwa ameichora mara nyingi sana kwa mazoezi, mpaka akaweza kuniweka kwenye karatasi huku anamsimulia mama yake habari za ndoa ya jirani.

Basi nikiwa pale kituoni, mke wangu alikuwa amekimbia hadi shuleni. Langoni akaambiwa Mwalimu anasimamia mtihani wa vitendo wa kidato cha nne, watahiniwa thelathini wanachora chungu, kitambaa na vitunguu viwili, na mlango haufunguliwi mpaka saa sita na nusu, hata kama mtu anakufa. "Anakufa kweli," mke wangu akamwambia mlinzi. Mlinzi akamwonyesha ngazi ya kukalia.

Mimi huku nilikaa roho juu. Mmoja mmoja waliletwa wanaume wa kusimama nami kwenye mstari: kinyozi, wapakuzi wawili wa mizigo, wengine waliookotwa tu barabarani. Nilikuwa nawatazama nyuso zao kwa wivu. Hakuna hata mmoja aliyefanana na karatasi ile. Mimi nilifanana nayo kama karatasi inavyofanana na nakala yake.

Saa saba na robo shemeji aliingia, vidole vyeusi kwa mkaa wa kuchorea, mke wangu nyuma yake anahema. Hakunisalimu. Aliichukua karatasi mezani, akanitazama, akaitazama, akanitazama tena huku amefumba kidogo jicho moja, kama afanyavyo anapopima. Niliona kabisa kitu kikigeuka usoni mwake. Hadi dakika ile hakuwa ameona kwamba ni mimi.

"Inspekta," akasema, "nilichora alichoniambia yule mama. Sikuongeza kitu. Mchoro wangu ni sahihi."

"Dada!" mke wangu akapiga kelele.

"Usinipigie kelele. Jumanne ile mumeo alikuwa wapi?"

Alimuuliza yeye. Mimi niko pale, nimeketi mbele yake, na amenipita kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Sitaficha: niliumia pale kuliko nilivyoumia tangu asubuhi. Askari hawanijui. Huyu nimekula naye meza moja miaka ishirini, nimemtengenezea friji mara tatu bila kudai hata ahsante, na kati ya mimi na penseli yake amechagua kuamini penseli. Nilitaka kusema kitu kibaya sana.

Mke wangu ndiye aliyejikaza. Aliipokonya ile karatasi akaishika kando ya kichwa changu. "Na sikio hili?" akasema. "Hili ulilitoa wapi?"

Sikio langu la kushoto lina pengo kwa juu. Bati lilinikata nikiwa kijana, kabla sijaijua familia yao. Kwenye mchoro, sikio la kushoto lilikuwa na pengo lile lile, limetiwa hata kakivuli.

Shemeji akafungua mkoba wake, akatoa daftari dogo alilokuwa ameandika maneno ya yule mama hospitalini, akasoma kwa sauti ya darasani. "Mrefu kiasi. Uso mwembamba. Macho ya kawaida. Pua, hakumbuki. Kidevu, hakumbuki. Amevaa kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi. Masikio yamefunikwa."

"Yamefunikwa," inspekta akarudia. "Sasa yalitoka wapi?"

"Askari wako aliniambia nimvue kofia, kwa sababu mtu anaweza kuitupa. Nikamvua. Sikio huanzia usawa wa nyusi na kuishia usawa wa pua. Huo ni uwiano tu, wala sihitaji kuambiwa. Hizo sehemu najichorea bila kufikiri, nikiwa namsikiliza yeye." Akasita. "Bila kufikiri," akasema tena, taratibu, na akatafuta pa kukaa.

Alikaa karibu nami kwenye benchi. Nilisogea. Sikutaka anikaribie.

"Kila alichosahau yule mama nilimjazia," akasema, hamtazami mtu. "Alisahau pua, nikampa pua. Alisahau kidevu, nikampa kidevu. Halafu nikamuuliza, je, anafanana? Akasema ndiyo, kama huyu. Mtu ana nyuzi kumi na nne kichwani, ungemwonyesha sufuria angesema ndiyo. Inspekta, mkono wangu una uso mmoja tu unaoujua kiasi hicho. Mwizi wa yule mama siye huyu. Huyu nilimleta mimi."

Inspekta aliweka kalamu chini. "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini umeingia hapa ukasema mchoro ni sahihi. Mdogo wako amelia kidogo, sasa si sahihi. Ningekuwa na shemeji ningefanya hivyo hivyo. Tumwachie yule mama. Atapita kwenye mstari, atachagua mwenyewe."

"Atachagua mchoro wangu! Ameutazama mara ngapi?"

"Tulimpelekea nakala wodini." Inspekta akasita kidogo. "Nasikia aliiweka kando ya kitanda, asimsahau."

Shemeji alifumba macho. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane kasoro dakika ishirini, na nje nilisikia sauti ya kinyozi akiuliza kama wanaosimama kwenye gwaride wanapewa chakula.

Ndipo inspekta, kwa kutaka kumaliza maneno, akagusa kile kitabu chake kikubwa. "Na hawa kumi na moja je? Nao uliwachorea kitandani? Tisa hawamjui fundi hata kwa jina, na wanaapa uso huu wameuona."

Shemeji akafumbua macho. "Nisomee majina."

"Siruhusiwi."

"Basi usinisomee. Wapigie. Waulize swali moja tu: walisoma sekondari wapi."

Nadhani inspekta alitaka tu kumthibitishia kwamba anapoteza wakati. Alichukua simu, akafungua spika, akapiga namba ya kwanza. Mwanamke akapokea, nyuma yake mtoto alikuwa analia. Inspekta akajitambulisha, akauliza. Mwanamke akataja shule ya shemeji. Namba ya pili, mwanamume, fundi cherehani kwa jinsi mashine zilivyokuwa zinanguruma. Shule ile ile. Namba ya tatu shule ile ile, na inspekta sasa alikuwa amekaa wima.

"Nani alikufundisha uchoraji?" akamuuliza huyo wa tatu.

"Uchoraji? Mwalimu Yai, afande. Kwani..." Halafu yule mtu akaachia kicheko kikubwa. "Lo! Sasa nimekumbuka! Huyo ni mtu wa ubaoni! Kipindi cha kwanza, akimaliza yai anaweka macho, pua, mdomo, anatokea mtu yule yule. Tulikuwa tunamwita Mume wa Mwalimu. Samahani, afande, kwani kafanya nini?"

Mke wangu akaniangalia. Mimi nikamwangalia shemeji. Miaka kumi na tisa watoto wa shule ile hupita karakana yangu na kunikodolea macho, nami nilikuwa nafunga zipu kila wanapopita.

"Mimi sikujua," shemeji akasema. Alikuwa amepauka. "Nawaambia wanafunzi ni mtu yeyote tu. Nawaambia huyu ni mtu wa kawaida, wa mfano."

Askari mmoja kijana, aliyekuwa kaunta muda wote, akakohoa. Akasema yeye pia alisoma pale, na kwamba alipokuwa anabandika zile karatasi sokoni alihisi anamjua mtu huyo, akafikiri labda aliwahi kumkamata. Inspekta alimtazama kwa jicho ambalo sitamwombea mtu. Alipiga namba nyingine sita. Wote tisa, shule ile ile. Saa nane na dakika mbili alifunga kitabu, akawaambia kinyozi na wenzake waende zao, akanirudishia mkanda na simu yangu bila kusema pole.

Shemeji alitaka kunishika mkono. "Shemeji, nisamehe. Nilikutazama nikaona..."

"Tutaongea nyumbani," nikamkata. Ningefungua mdomo zaidi ningesema maneno ya kujutia. Nilitaka tu kutoka. Furaha ilikuwa imeanza kunipanda, nikaona hata rangi ya ukuta wa kituo ni nzuri.

Mlangoni tukakutana na yule mama. Bintiye alikuwa amemshika mkono, kitambaa cheupe kimezungushwa kichwani mwake. Alikuja kwa ajili ya gwaride, hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba limefutwa. Aliponiona alirudi nyuma kwa nguvu akajigonga kwenye ukuta.

"Ndiye! Ndiye huyu! Mbona mmemwachia?"

Inspekta alijaribu kumweleza pale pale, makosa ya mchoro, kofia, wanafunzi. Mama hakusikia hata neno. Alikuwa ananitazama mimi, na mikono yake ilikuwa imeinuka mbele ya uso wake, kama mtu anayesubiri kupigwa tena. Sijawahi kuogopwa maishani mwangu. Nilibaki nimesimama, sijui niende mbele au nyuma.

Shemeji ndiye aliyepiga magoti sakafuni mbele yake. "Mama, nisikilize. Mimi ndiye niliyekuja wodini na penseli. Uso huu haukuwa wako, ulikuwa wangu, nikaupaka juu ya uso uliouona. Mtu huyu ni mume wa mdogo wangu. Hajawahi kukanyaga duka lako."

Mikono ya mama ikashuka kidogo. "Hakunipiga?"

"Hakukupiga."

"Basi yule aliyenipiga mchore. Uko hapa, kalamu unayo. Mchore."

Shemeji alitoa daftari, akageuza ukurasa mweupe. "Fumba macho, mama. Usifikirie karatasi. Fikiria dukani, mlango, amesimama. Usiniambie unachokijua. Niambie unachokiona."

Mama alifumba macho. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti, na nyusi zimekunjamana chini ya kile kitambaa. Nilimwona anatafuta kweli kweli, mtu anayepapasa chumba ambacho vyombo vyake vimehamishwa. Penseli ilisubiri juu ya karatasi. Haikugusa.

Alipofumbua macho yalikuwa yamejaa machozi. "Hayupo," akasema. "Nilikuwa naye. Nililala naye siku tisa nisimpoteze. Sasa nikifumba macho yupo huyu tu." Akaninyooshea kidole, bila hasira.

Shemeji alifunga daftari. Hakuinuka pale sakafuni.

"Wewe baba," mama akaniambia, "ni kweli hukunifanya kitu?"

"Ni kweli, mama. Sikukufanya kitu."

"Nimekuamini," akasema, na akageuza uso wake ukutani. "Sasa naomba uondoke, nisikuone."

Nikaondoka.